Leseni chini ya mawingu: Historia ya jaribio la udereva mjini Johannesburg

Mjini Johannesburg, leseni ya udereva ni mlango wa ajira, na jaribio la barabarani ndilo ufunguo wake. Lakini jaribio hilo limepita katika mawingu mazito: ubaguzi wa rangi, vurugu za teksi, rushwa, na mvua za radi ambazo humiminika alasiri na kuwarudisha nyumbani watahiniwa waliojiandaa kwa miezi kadhaa.

Jiji la Johannesburg limejengwa juu ya uwanda wa juu wa Afrika Kusini, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mvua zake nyingi hunyesha kati ya mwezi Oktoba na mwezi Machi. Asubuhi huwa na jua kali na anga ya buluu. Saa nane mchana mawingu huanza kupanda upande wa magharibi. Saa kumi radi hupiga, mvua hushuka kwa kishindo, mara nyingine ikifuatana na mvua ya mawe, na baada ya saa moja au mbili anga hutulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa mkazi wa kawaida, mvua hiyo ni neema baada ya majira marefu ya ukame. Kwa kijana aliyepangiwa kufanya jaribio la udereva alasiri hiyo, ni jambo jingine kabisa. Ameomba ruhusa kazini. Amelipia mafunzo, na amelipa tena kukodi gari la shule ya udereva kwa ajili ya mtihani wenyewe, kwa kuwa kituo cha majaribio hakimpi mtahiniwa gari. Leseni yake ya mwanafunzi ina muda wa miezi 24 tu, na haihuishwi: ikimalizika kabla hajafaulu, hana budi kurudi kwenye mtihani wa maandishi na kuanza upya. Siku moja ya mvua yaweza kumgharimu mshahara wa wiki nzima na zaidi.

Ili kuelewa kwa nini karatasi hiyo, ambayo sasa ni kadi, imekuwa na uzito mkubwa namna hii, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya karne moja.

Gari la kwanza na sheria za kwanza

Gari la kwanza la injini kuonekana Afrika Kusini lilikuwa Benz lililotoka Ujerumani. Lilionyeshwa hadharani katika uwanja wa Berea Park mjini Pretoria tarehe 4 Januari mwaka 1897, mbele ya Rais Paul Kruger wa Jamhuri ya Transvaal. Wakati huo Johannesburg, iliyozaliwa na dhahabu mwaka 1886, ilikuwa na umri wa miaka 10 tu. Watu na mizigo walisafirishwa kwa farasi, nyumbu na mikokoteni ya maksai, na hakuna aliyefikiri kwamba mwendeshaji wa chombo hicho kipya angehitaji kupewa mtihani.

Hata Ulaya wazo hilo lilikuwa changa. Karl Benz mwenyewe alilazimika kuomba ruhusa ya maandishi ya serikali ya Baden mwaka 1888 ili aendeshe gari alilolibuni. Polisi wa Paris walianza kudai cheti cha uwezo wa kuendesha mwaka 1893. Uingereza ilianzisha leseni mwaka 1903, lakini leseni hiyo ilikuwa risiti ya malipo tu; haikuthibitisha kwamba mwenye nayo anajua kushika usukani. Ni baada ya zaidi ya watu 7,000 kufa katika barabara za Uingereza mwaka 1934 ndipo jaribio la udereva lilipofanywa la lazima huko, kuanzia tarehe 1 Juni mwaka 1935.

Afrika Kusini ilifuata mkondo huo huo kwa njia yake. Baada ya Muungano wa mwaka 1910, masuala ya barabara yaliachwa mikononi mwa majimbo manne, na kila jimbo likawa na kanuni zake. Magari ya Johannesburg yalibeba namba zilizoanza na herufi TJ, T ikiwa ya Transvaal na J ya Johannesburg. Mwaka 1966 majimbo yalipitisha kanuni zinazofanana, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria moja ya barabara kwa nchi nzima. Katika muda wote huo, sheria nyingine zilikuwa zikiamua jambo kubwa kuliko ufundi wa kuendesha: nani awe nyuma ya usukani, na kwa kazi ya nani.

Leseni na rangi ya ngozi

Hakuna sheria iliyomkataza Mwafrika kupata leseni. Hata hivyo njia ya kuifikia ilijaa miiba. Lugha rasmi za serikali zilikuwa mbili tu, Kiafrikaans na Kiingereza, na ofisi ziliendeshwa kwa lugha hizo. Gari lilikuwa mali ya wachache. Na mwaka 1956 sheria ya usuluhishi wa viwanda ilimpa waziri wa kazi uwezo wa kuzitenga kazi fulani kwa watu wa rangi fulani. Kazi zilizoguswa na maamuzi hayo ni pamoja na udereva wa magari ya wagonjwa mjini Cape Town.

Mfano ulio wazi zaidi wa hali ya wakati huo unatoka katika maisha ya mtu anayejulikana dunia nzima. Nelson Mandela, katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1994, ameeleza kwamba mwanzoni mwa mwaka 1952 alikuwa amepata leseni yake siku si nyingi zilizopita. Chama cha ANC kilikuwa kimeandika barua kwa Waziri Mkuu D. F. Malan kudai sheria za kibaguzi zifutwe, na barua hiyo ilihitaji saini ya rais wa chama, Dakta James Moroka, aliyekuwa akiishi Thaba 'Nchu katika jimbo la Free State. Mandela alichaguliwa kuipeleka kwa sababu nyepesi kabisa: Waafrika wenye leseni walikuwa wachache, na wenye magari walikuwa wachache zaidi. Gari lenyewe ilibidi liazimwe.

Aliondoka Johannesburg kwa gari hilo. Karibu na mji wa Kroonstad, kijana mmoja wa Kizungu aliyekuwa juu ya baiskeli alikata kona ghafla mbele yake, na gari likamgonga. Kijana hakuumia sana. Polisi waliofika walimtukana Mandela na kumtisha, wakalipekua gari, na walipokuta gazeti la mrengo wa kushoto wakashangilia kana kwamba wamemnasa Mkomunisti. Alishikiliwa kwa saa kadhaa kabla ya kuachiliwa. Alipoendelea na safari petroli ikamwishia. Katika nyumba ya shamba alikoomba msaada, mlango ulifungwa usoni pake. Katika shamba la pili, alipomnyenyekea mwenye nyumba na kusema kwamba bwana wake ameishiwa petroli, alipewa.

Kisa hiki kinafundisha jambo ambalo halimo katika mtihani wowote wa udereva. Dereva Mweusi wa mwaka 1952 aliweza kujua breki, gia na alama zote za barabarani, na bado asijue safari yake itaishia wapi. Hatari iliyomkabili haikuwa utelezi wa lami peke yake. Ilikuwa pia sare ya polisi, na mlango wa shamba usiku unapokaribia. Miaka kumi baadaye, Mandela alipokuwa akisakwa na polisi, alijigeuza dereva wa kuajiriwa, mwenye koti na kofia ya kazi. Alijua kwamba Mwafrika aliyeketi nyuma ya usukani wa gari zuri alisamehewa tu pale alipodhaniwa kuwa anamwendesha tajiri wake. Alikamatwa karibu na Howick, katika jimbo la Natal, tarehe 5 Agosti mwaka 1962.

Walio wengi hawakuwa na gari la kuazima wala leseni ya kuonyesha. Mwezi Januari mwaka 1957, kampuni ya mabasi ya PUTCO ilipopandisha nauli kutoka peni nne hadi peni tano, wakazi wa kitongoji cha Alexandra waliyagomea mabasi. Kwa miezi mitatu maelfu walikwenda kazini Johannesburg kwa miguu, zaidi ya kilomita 10 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, katikati ya majira ya mvua. Peni moja ilitosha kuwafanya waloe, na mgomo wao ulikuwa ushindi uliokumbukwa kwa miongo mingi.

Enzi ya teksi

Kutokana na upungufu wa usafiri katika vitongoji ndipo ilipozaliwa teksi ya Waafrika. Mwanzoni yalikuwa magari madogo ya abiria wanne. Sheria ya usafirishaji ya mwaka 1977 iliacha mwanya wa kubeba abiria wanane, na wenye magari wakaingia kwa wingi katika mwanya huo. Kisha mwaka 1988 serikali ililegeza masharti ya biashara ya usafiri, na mabasi madogo ya abiria 15 au 16 yakafurika. Msikilizaji wa Dar es Salaam atayaona kuwa ndugu wa daladala. Wa Nairobi au Mombasa atayaita matatu. Tofauti moja ni kwamba teksi ya Johannesburg huitwa kwa ishara za vidole: kidole kimoja kinachoelekea juu humaanisha abiria anakwenda katikati ya jiji.

Ulegezaji huo ulileta ajira, lakini ulileta pia balaa. Vibali vilitolewa kwa urahisi, ushindani ukawa mkali, na katika miaka ya 1990 vyama vya teksi vilipambana kwa bunduki kugombea njia. Magari yalichakaa, tairi zikabaki vipara, na madereva walishinda usukanini kuanzia alfajiri hadi usiku. Mwaka 2006 serikali ilianza mpango wa kuyaondoa magari hayo makuukuu kwa kumlipa mwenye gari randi 50,000 kwa kila gari lililopelekwa kuvunjwa. Tarehe 30 Agosti mwaka 2009 jiji lilizindua mabasi ya mwendo wa haraka ya Rea Vaya, huku wenye teksi wakipinga.

Ni katika kipindi hicho cha mpito ndipo swali la zamani lilipoulizwa upya: mtu anayebeba roho za wengine amejaribiwaje?

Mtihani uitwao K53

Jibu la Afrika Kusini linaitwa K53. Mfumo huo ulienezwa nchini katika miaka ya 1990, na umejengwa juu ya falsafa ya udereva wa kujihami, yaani kuiona hatari kabla haijafika. Sheria mpya ya barabara ya mwaka 1996, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika mwaka 2000, ziliuweka mfumo huo katika kitovu cha utoaji wa leseni.

Mtahiniwa wa gari dogo lazima awe na umri usiopungua miaka 17 anapoomba leseni ya mwanafunzi. Mtihani wa kwanza ni wa maswali kuhusu sheria, alama na vidhibiti vya gari. Akifaulu, anajifunza akiwa na mwenye leseni pembeni yake, kisha anajiandikisha kwa jaribio la vitendo katika kituo kama Langlaagte, Randburg au Roodepoort.

Jaribio huanza gari likiwa limesimama. Mtahiniwa hulizunguka, akakagua tairi, taa, vioo, na kuinama kutazama kama kuna mafuta yanayovuja. Kisha huingia uwanjani. Hapo hurudi kinyumenyume kati ya nguzo, huegesha sambamba na ukingo wa barabara, hugeuza gari katika nafasi nyembamba, na huondoka kwenye mwinuko bila gari kurudi nyuma. Kugusa nguzo ni kuanguka mtihani. Gari likirudi nyuma kwenye mwinuko, mtihani umekwisha. Aliyefaulu uwanjani hutoka barabarani pamoja na mtahini, ambaye huandika alama za makosa: kioo ambacho hakikutazamwa, bega ambalo halikugeuzwa kuangalia upande usioonekana, breki ya mkono iliyosahauliwa kwenye taa za barabarani, ambazo Waafrika Kusini huziita roboti.

Wapo wanaousifu mfumo huu kwa kumzoesha dereva kutazama kila upande. Wapo pia wanaoulaumu kwamba umekuwa ngoma yenye hatua za kukariri: mtu hufundishwa kufaulu, hafundishwi kuendesha. Vijana wengi hukwepa sehemu yake ngumu kwa kuchukua leseni ya lori la wastani, daraja la C1, ambalo wengi bado huliita kwa namba yake ya zamani, 10. Jaribio lake halina zoezi la kuegesha sambamba, na leseni yake humruhusu mwenye nayo kuendesha gari dogo pia. Juu ya hayo, katika nchi yenye ukosefu mkubwa wa ajira, herufi hizo katika barua ya maombi ya kazi zina thamani kuliko vyeti vingi vya shule.

Mvua inaponyesha siku ya mtihani

Hapa ndipo hali ya hewa inaporudi katika habari hii. Mtahini ana mamlaka ya kuahirisha jaribio pale mazingira yanapohatarisha usalama, na ni rahisi kuelewa sababu. Mvua kubwa ya Johannesburg huifunika mistari myeupe ya uwanja. Kioo cha mbele huingia ukungu. Nguzo hazionekani vizuri katika vioo vya pembeni vilivyojaa matone. Zaidi ya hayo, mvua za kwanza za mwezi Oktoba hukuta lami yenye vumbi, mafuta na mpira wa tairi wa miezi mingi ya ukavu. Maji yanapochanganyika na uchafu huo, barabara huteleza kama sabuni.

Lakini mvua isipokuwa kubwa kiasi hicho, jaribio huendelea, na kila kosa hubaki kuwa kosa. Mtahiniwa hana budi kuwasha waipa na taa, kuondoa ukungu kwenye kioo, kuongeza umbali kati yake na gari lililo mbele, kufunga breki mapema na kwa upole. Kwenye mwinuko ulioloa, mguu wa klachi ukiachiliwa haraka tairi huzunguka bure. Ukichelewa, gari hurudi nyuma na siku imepotea.

Kuna upande mwingine wa jambo hili. Anayefaulu siku ya jua hupewa leseni ile ile inayomruhusu kuendesha katika dhoruba. Barabara haiahirishi mvua kwa ajili ya mtu yeyote. Alasiri ya tarehe 9 Novemba mwaka 2016, mvua kubwa ilishuka mashariki mwa Johannesburg. Barabara kuu karibu na makutano ya Gillooly's iligeuka mto, magari yalifunikwa na maji au kusombwa, na watu kadhaa walipoteza maisha. Madereva waliokuwa humo walikuwa wakitoka kazini kama siku nyingine yoyote. Wala si mvua tu. Theluji ilianguka Johannesburg mwezi Agosti mwaka 2012, na tena tarehe 10 Julai mwaka 2023. Mwezi Septemba mwaka 2024 theluji iliifunga barabara kuu ya N3 iendayo Durban, karibu na mlima wa Van Reenen, na wasafiri wengi walilala ndani ya magari yao.

Mataifa mengine yamelitazama tatizo hili kwa jicho tofauti. Uingereza, kama Afrika Kusini, huahirisha jaribio kukiwa na theluji, barafu au ukungu mzito. Uswidi na Norway zimekwenda mbali zaidi: kabla ya kupata leseni, mwanafunzi hupelekwa katika uwanja maalum wenye utelezi, ahisi kwa mwili wake jinsi gari linavyokataa kumtii. Nchini Kenya, kwa miaka mingi sehemu ya mtihani ilikuwa kusogeza kigari kidogo juu ya ubao wenye mchoro wa mji. Mtahiniwa alionyesha kwamba anajua mzunguko na njia panda, lakini katika mji ule wa ubao mvua haikuwahi kunyesha.

Wageni nyuma ya usukani

Suala hili linawagusa kwa karibu wazungumzaji wa Kiswahili. Katika mitaa ya Yeoville na Hillbrow wanaishi Wakongo, Watanzania na watu wengine wengi wa Afrika Mashariki na Kati, na baadhi yao hujipatia riziki kwa usukani. Sheria ya Afrika Kusini huitambua leseni ya nchi nyingine iliyo hai, yenye picha na saini ya mwenyewe, ilimradi imeandikwa kwa lugha rasmi ya Afrika Kusini au iambatane na tafsiri. Anayepata ukaazi wa kudumu hupewa muda maalum wa kuibadilisha.

Kwa Mtanzania au Mkenya, ambaye leseni yake ina Kiingereza na ambaye kwao magari hupita kushoto, hatua hiyo si ndefu sana. Kwa Mkongo kutoka Goma au Lubumbashi ni safari nyingine. Leseni yake ni ya Kifaransa, na mkono wake umezoea barabara ya upande wa kulia. Kila kitu alichokijua hana budi kukipindua: kioo cha kutazama kwanza, upande wa kupita gari jingine, njia ya kuingilia mzunguko. Siku ya jua, akili huwahi kusahihisha mazoea. Katika mvua, hofu inapompanda mtu, mazoea ndiyo hutangulia.

Na hata mwenye leseni kamili hajasalimika. Madereva wa malori kutoka nchi jirani wamejikuta katikati ya hasira ya wenyeji wanaodai kwamba kazi zao zinachukuliwa. Mwezi Aprili mwaka 2018, malori mengi yaliteketezwa kwenye kituo cha kulipia barabara cha Mooi River, katika barabara ya N3, wakati wa maandamano ya kupinga kuajiriwa kwa madereva wa kigeni. Miaka zaidi ya 60 baada ya safari ya Mandela kwenda Thaba 'Nchu, bado wapo madereva barani humu ambao leseni yao haiwahakikishii kwamba watafika.

Kadi na kivuli cha rushwa

Pale ambapo cheti kina thamani ya mkate, biashara ya kukiuza haichelewi kuzuka. Mwaka 1997 tume iliyoongozwa na Moldenhauer ilichunguza utoaji wa leseni kinyume cha taratibu katika jimbo la Mpumalanga, jirani wa Gauteng. Kashfa hiyo ilitikisa siasa za jimbo na kugusa hadi Bunge la taifa. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 1998, serikali ilianza kutoa leseni za kadi ngumu badala ya zile zilizowekwa ndani ya kitabu cha utambulisho, kwa matumaini ya kuwazuia waghushi. Mwaka 2007 ukaanzishwa mfumo mpya wa kompyuta wa kuhifadhi kumbukumbu za magari na madereva.

Kadi hiyo hudumu miaka mitano. Kwa miaka mingi zote zilichapishwa na mashine moja tu. Ilipoharibika mwezi Novemba mwaka 2021, vipuri vyake vilipelekwa Ujerumani kutengenezwa, na mamia ya maelfu ya madereva wakasubiri kadi ambazo hazikuwa zikichapishwa. Waliofaulu jaribio kwa jasho lao walijikuta mikono mitupu, sawa na walioshindwa.

Hasara ya leseni ya kununua haimpati muuzaji wala mnunuzi peke yao. Zaidi ya watu 11,000 hufa kila mwaka katika barabara za Afrika Kusini, na sehemu kubwa yao ni waenda kwa miguu, watu ambao hawakuomba leseni yoyote zaidi ya kuvuka barabara. Aliyenunua kadi amepita mtihani bila kupita mvuani, na bili yake hulipwa na mtu mwingine kandokando ya lami.

Waswahili husema ajali haina kinga. Msemo huo umewafariji wafiwa wengi, na hauna ubaya matangani. Lakini falsafa nzima ya jaribio la udereva, tangu Uingereza ya mwaka 1935 hadi uwanja wa Langlaagte, imesimama juu ya imani kwamba ajali nyingi zina kinga: jicho linalotazama mapema, mguu unaopunguza mwendo kabla ya kona, na mtahini asiyeuza saini yake. Mtahiniwa aliyerudishwa nyumbani na mvua ya alasiri ana haki ya kunung'unika juu ya fedha na siku aliyopoteza. Atakaporudi na kufaulu, mawingu yale yale yatakuwa yanamsubiri nje ya lango la kituo, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kuahirisha.